Sentensi Sitini za "Get"

Jumamosi iliyopita tulimzika Mwalimu Ireri. Nilikwenda mazishini na hasira na nikarudi na hasira, ila ile niliyokwenda nayo ilikuwa juu ya marehemu, na ile niliyorudi nayo ni juu yangu mwenyewe. Wiki moja kabla, kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja darasa la nane, ambalo kwa kawaida halina la maana ila picha za maua na maombi ya asubuhi, lilifurika ghafla. Kila mtu alikuwa na lake la kumsifu mzee. Alitunyosha. Alituokoa. Bila yeye tungekuwa wapi. Kisha mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mwenzetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ishiara, akanipigia simu hapa Embu ninakoishi. "Mwalimu Marigu, wewe ndio utaongea kwa niaba ya wanafunzi wake. Dakika tano tu. Na uweke Kiingereza kidogo, mzee alikuwa anakipenda." Nikamwuliza niongee juu ya nini. Akacheka. "Si ile mwaka tulikuwa namba moja division yote! Nini ingine?" Mwaka huo naujua kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yangu, na hiyo namba moja najua ilipatikana vipi.

Habari za wazazi wangu, tulizaliwa wangapi na nani alitangulia, nitaziruka. Kila anayeandika kumbukumbu huanzia hapo na msomaji husinzia. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na mitano, kwamba nilijua kusoma na nilijua kwamba najua, na kwamba mwezi wa Januari niliingia darasa la nane katika shule ya msingi iliyo njia ya kutoka Ishiara kwenda milimani. Jina la shule silitaji, wapo wanaofundisha pale leo ambao hawana kosa. Darasa letu lilikuwa la mawe yasiyopigwa plasta, madirisha hayana vioo, na sakafu ya udongo tuliinyunyizia maji kila asubuhi ili vumbi litulie. Siku ya kwanza tulikuta ukutani karatasi nyeupe ya manila, kubwa kama mlango, iliyoandikwa kwa wino wa buluu kutoka juu hadi chini. Zilikuwa sentensi sitini za Kiingereza, zote zina kitenzi kimoja: "get". Mwalimu Ireri ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu, na Kiingereza cha darasa la nane hakumwachia mtu. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, na fimbo aliishika kama watu wengine wanavyoshika kalamu. Akaigonga ile karatasi. "Hili ndilo jembe la Mwingereza," akasema. "Analimia nalo kila shamba. Mkilijua hili, mmemjua Mwingereza. Lugha yenu ya nyumbani haina neno kama hili hata moja. Ni lugha maskini." Tukaitikia kwamba ndiyo, ni maskini.

Baada ya siku ile nilikuja kufundisha Kiingereza kwa miaka thelathini, na kila nilipoandika neno hilo ubaoni nilimsikia akisema hivyo, na kila mara nilitaka kurudi nyuma nikamjibu. "I get up at six." Sisi tunaamka. "We got to Embu." Tunafika. "She got married." Anaolewa. "He got angry." Anakasirika. "Get me a chair." Unaleta. "I don't get it." Huelewi. "We got wet." Mmenyeshewa. Kila mahali Mwingereza alipochomeka kitenzi kile kile kilichochoka, sisi tulikuwa na neno lake, la Kiswahili na la Kimbeere chetu cha nyumbani pia, kila kazi na chombo chake. Mtu mwenye panga, shoka, jembe na mundu aliambiwa ni maskini na mtu mwenye kisu kimoja, naye akainamisha kichwa akakubali. Silaumu kitenzi. Ni kitenzi kizuri, chepesi, kinakwenda popote unapokituma, na niliwapenda sana wanafunzi wangu pale walipoanza kukitumia bila kufikiri. Nililaumu na bado nalaumu ule mdomo uliotuambia vile tukiwa watoto, maana aliyesema alijua si kweli. Mwenyewe nyumbani kwake aliongea Kimbeere kitamu, chenye methali na mizaha, mpaka mkewe anacheka akishika mbavu.

Basi tukazikariri. Kabla ya gwaride, mstari kwa mstari, na anayekwama anabaki amesimama na kiganja mbele. Wakati wa chakula cha mchana pia ilitungwa sheria: hupewi githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mpaka umtolee mpishi sentensi moja yenye "get". Mpishi wetu alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, asiyejua Kiingereza, naye aliona upuuzi ule mapema kuliko sisi sote. Alimpakulia yeyote aliyetikisa midomo. "Sema hiyo geti yako haraka, mahindi inapoa," alituambia, na walipokuja wadogo wasiojua kitu aliwanong'oneza, "Sema geti tu, mimi nitasikia zingine." Nimekumbuka wapishi wachache maishani mwangu, lakini yule nikimwona leo nitampigia magoti. Katika shule nzima alikuwa mtu mzima pekee aliyekumbuka kwamba mtoto mwenye njaa ni mtoto mwenye njaa.

Igoki alikuwa deskimeti wangu, tuliketi dawati moja tangu darasa la nne. Alikuwa mrefu, mkimya, na kwenye hesabu hakuna aliyemkaribia. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza na Kiswahili, yeye wa kwanza kwa hesabu na sayansi, na mwisho wa muhula nafasi ya kwanza ilikwenda kwake mara nyingi zaidi. Nitasema wazi jambo hili lilinikera. Tulikula pamoja, tulisukana nywele, tulitembea pamoja hadi mtoni, na bado siku ya kusomwa matokeo nilimwombea aumwe. Lakini Januari ile Igoki hakuwepo. Kwa watu wa Mbeere huo ndio mwezi mawele yanakomaa, na mawele yakikomaa, ndege wanashuka kwa maelfu. Wasipofukuzwa, kwa siku tatu shamba linabaki mabua matupu. Kwa hiyo kila nyumba humtoa mtoto mmoja kwenda kuamia, yaani kukaa shambani kutwa kuwafukuza ndege, juu ya jukwaa la miti tunaloliita ulingo, na kombeo mkononi. Kwao Igoki alitolewa yeye. Hakuna aliyeona ni ajabu. Walimu wote walijua, na Mwalimu Ireri alijua zaidi, kwa kuwa shamba lake mwenyewe lilikuwa na watoto wa watu juu ya ulingo.

Jioni nilipotoka shule nilipitia shambani kwao nikampa zile sentensi. Nilipanda ulingoni tukakaa miguu ikining'inia, tukila ndengu za kuchemsha kutoka kwenye kibuyu kilichokatwa. Nilimsomea tano, akazirudia mara moja, basi, zimeingia. Kisha kundi la ndege likishuka upande wa pili, Igoki anasimama, anazungusha kombeo, na kupiga kelele kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto: "Get off! Get out of my father's millet! Get away, you thieves!" Tulicheka mpaka ulingo ukatikisika. Neno la kutuadhibia darasani, kule juu lilikuwa limepata kazi ya kweli, na ndege, naapa, walitii. Nadhani Igoki ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akiongea Kiingereza. Sisi wengine tulikuwa tunakisoma tu ukutani. Aliniambia siku moja, "Marigu, hii lugha ukiiongea na hasira inakuwa rahisi." Ni kweli tupu, na hakuna chuo kilichowahi kunifundisha hivyo.

Mwisho wa Januari Mwalimu Ireri alinichagua kuwa msahihishaji wake. Ilikuwa desturi shuleni kwetu, na naona bado iko kwingi, mwalimu kumpa mwanafunzi bora vitabu vya wenzake asahihishe. Jumamosi asubuhi nilikwenda nyumbani kwake. Sebule ile naiona sasa hivi: makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya chama cha ushirika ukutani, redio imefunikwa kitambaa chake kama mgonjwa. Nilipewa kalamu nyekundu na orodha ya sentensi sitini. Mkewe aliniletea chai ya maziwa kwa chupa, mkate uliopakwa siagi, na siku moja yai zima la kuchemsha, langu peke yangu. Aliniita "mwalimu mdogo". Sitajifanya kwamba mambo hayo hayakuniingia kichwani. Mtoto aliyezoea uji wa mawele asubuhi na githeri mchana, ukimpa mkate na yai na kalamu nyekundu umemnunua, na hakuna haja ya kumwambia bei.

Jumamosi ya tatu nikiwa pale mezani, naibu wake alikuja wakaketi barazani, nyuma ya dirisha nililokuwa nimelipa mgongo. Walijua niko ndani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hawakushusha sauti, na jibu ni kwamba walishaniona kuwa wa kwao. Naibu alikuwa anamsihi. "Mwalimu, hao ni watoto. Waache wajaribu bahati yao." Mwalimu Ireri akamjibu bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza namna ya kupogoa mkahawa. "Tuko hamsini na mbili. Nikisajili wote, mean score, wastani wa shule, inaanguka. Nikitoa mkia, tunakuwa wa kwanza. Kumi na wanne hivi watarudia la saba, si mwisho wa dunia." Naibu akauliza atawatoa kwa sababu gani, wazazi wakija kulalamika. Hapo Mwalimu Ireri akacheka kidogo. "Ndiyo maana nikachagua 'get'. Hicho kitenzi hakina mwisho. Nikitaka mtu aanguke, nitamwuliza ile hajui, na kama anajua nitasema haiko kwa orodha. Hata wewe naweza kukuangusha." Naibu hakucheka. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini, na viatu vyake vikienda zake kwenye changarawe.

Nilijua basi. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote, na wale wanaoniambia eti nilikuwa mtoto tu nawaomba waninyamazie. Nilielewa kila neno. Nilielewa kwamba karatasi ile ya manila haikuwa somo, ilikuwa mtego, na kwamba mwenye kushika kalamu ya mtego ni mimi. Nikamaliza chai yangu. Mkate pia niliumaliza.

Mtihani wa "get" ulifanywa wiki ya mwisho ya Februari. Ndege walikuwa wamepungua na Igoki alirudi shule siku nne kabla, ngozi imekuwa nyeusi kwa jua na sauti imekauka kwa kelele. Tuliambiwa tuandike sentensi arobaini, na atakayepata chini ya thelathini hatasajiliwa kufanya mtihani wa taifa, atarudi darasa la saba akapate msingi. Karatasi ya manila ilikuwa imetolewa ukutani. Jumamosi nikaketi mezani na karatasi hamsini na moja, yangu ilikuwa imesahihishwa na Mwalimu Ireri mwenyewe. Ya Igoki niliiweka chini kabisa. Nilipoifikia nilikuta ameandika sentensi thelathini na mbili tu, nane hakuzikumbuka, kwa kuwa alikosa karibu miezi miwili na mimi sikumpelekea zote. Ishirini na saba zilikuwa za orodha, neno kwa neno. Tano zilikuwa za ulingoni. "Get off my father's millet." "The birds got tired before me." "I shouted until my voice got lost." Na nyingine mbili kama hizo, safi, zimenyooka, hazina kosa la herufi wala la nukta. Kwenye orodha, "get off" ilikuwa ya kushuka basi. Ya mawele haikuwepo.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Mke wa mwalimu alipita akaniuliza kama naumwa na kichwa. Ningeziwekea alama ya vema zote tano, angepata thelathini na mbili, na Mwalimu Ireri pengine asingeangalia hata, kwa kuwa aliniamini. Huo ndio ukweli: pengine asingeangalia. Lakini nilikumbuka yale ya barazani. Nilikumbuka pia kwamba Igoki akibaki, kwenye mtihani wa taifa mwezi wa Novemba nitakuwa wa pili. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililousukuma mkono, hofu au wivu, na nimechoka kutafuta. Nikaweka mkasi, alama ya kosa, kwenye zote tano, ishirini na saba juu ya arobaini, nikaizungushia duara. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa Igoki.

Orodha ya kumi na wanne ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi Jumatatu. Niliinakili mimi, kwa mwandiko wangu mzuri uliosifiwa. Igoki alinijia wakati wa mapumziko, karatasi yake mkononi, akanionyesha zile tano kwa kidole. Hakulia. Aliuliza kwa utaratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Marigu, hii ni makosa?" Nikamwambia, "Haiko kwa orodha." Akauliza tena, "Sijauliza orodha. Nimeuliza kama ni makosa." Nikamwambia kengele inalia, na kengele ilikuwa bado. Alikwenda darasa la saba siku mbili, akaketi nyuma na sare yake iliyomfika juu ya magoti, kati ya watoto waliomfika begani. Siku ya tatu hakuja. Baba yake alikuja shule mara moja, kofia mkononi, akasimama nje ya ofisi mpaka saa saba, akaambiwa kwa upole kwamba binti yake ni mzito wa lugha. Nilikuwa nafagia pale nje. Mzee yule hakujua Kiingereza, basi angebisha vipi. Alishukuru akaenda zake.

Novemba tulifanya mtihani tukiwa thelathini na wanane, na matokeo yalipotoka tukawa wa kwanza tarafa nzima. Mbuzi walichinjwa. Nilibebwa juu juu kutoka lango la shule hadi sokoni Ishiara, wanawake wakipiga vigelegele, Mwalimu Ireri akitangulia na tai shingoni. Tulipita mbele ya duka la mjomba wake Igoki. Alikuwa mlangoni, anapima ndengu kwa mkebe, akamalizia kumhudumia mteja wake. Kisha akaingia ndani.

Mgala muue na haki yake mpe. Mwalimu Ireri hakuwa mvivu, hakuwa mlevi, na alinitafutia mwenyewe nafasi ya shule ya upili. Nimekuwa nilivyo kwa sababu yake, na ndiyo maana hasira yangu haijawahi kuwa na pa kukaa vizuri. Chuoni nilisoma Kiingereza. Nilipoanza kufundisha, kila mwaka nilipofika kwenye kitenzi kile niliwaambia wanafunzi waniletee sentensi kutoka nyumbani kwao, za kuku, za mvua, za kaka zao, na sikuwahi kuwawekea mkasi kwa kuwa haiko kwa orodha. Niliona nimelipia kosa. Nilijipongeza, kusema kweli. Igoki ana duka lake Ishiara, kilomita zisizofika sitini kutoka kwangu, na kwa karibu miaka arobaini nilipita Ishiara nikiangalia upande mwingine wa barabara, huku nikijipongeza darasani kwa jinsi ninavyofundisha vizuri.

Mazishini jua lilikuwa kali. Matenti manne, viti vya plastiki, kijitabu cha rangi chenye picha ya marehemu, na ndani yake, kwa Kiingereza kikubwa, aya nzima juu ya mwaka tuliokuwa wa kwanza. Wanasiasa wawili waliuzungumzia. Askofu aliuzungumzia. Mwanawe mkubwa aliuzungumzia, akasema baba yake "hakumwacha mtoto yeyote nyuma," na watu wakapiga makofi. Nilipoitwa nilianza kwa Kiingereza kama nilivyoombwa, sentensi mbili za heshima, halafu nikaachana nacho. Nikasema kwa Kiswahili kwamba mwaka ule tulikuwa hamsini na wawili, kwamba kumi na wanne waliondolewa ili sisi wengine tung'are, kwamba mtihani uliowaangusha ulipangwa kuwaangusha, na kwamba msahihishaji nilikuwa mimi. Nikasema marehemu hasemwi vibaya, lakini walio hai nao wana haki yao. Kisha nikawataja, kumi na wanne wote, mmoja mmoja, kwa majina ya shule na ya baba zao. Sikuhitaji karatasi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu anayeheshimiwa sana Ishiara, ambaye jina lake lilikuwa la sita kati ya yale kumi na manne, aliinuka akatoka bila kuangalia mtu. Nilidhani ameguswa. Nilishuka nikiwa mwepesi, nikajiona shujaa, huku mwongoza ratiba akinipokonya maikrofoni na kuanzisha wimbo.

Nilikwenda nyuma, kule akina mama walikokuwa wanapakua chakula, nikijua nitamkuta. Igoki alikuwa amefunga leso kiunoni, mwiko mkononi, sufuria la wali mbele yake. Pale kijijini anaitwa Mama Nyaga. Pembeni yake alikuwa amesimama huyo Nyaga mwenyewe, kijana wa miaka thelathini hivi, suti nzuri, ambaye nilikuwa nimesikia anafundisha shule ya upili huko Nkubu. Nilikuwa nimemnyoshea mama yake mikono. Hakuishika.

"Nani alikuambia unitaje?" akaniuliza.

"Igoki, nilitaka watu wajue mlionewa."

"Watu gani? Hawa wamekuja kula wali?" Aliweka mwiko chini, akapangusa mikono kwa leso. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka majirani wasikie zaidi ya waliyokwisha kusikia. "Huyu kijana akiwa form two alitaka kuacha shule. Nikamwambia, mimi nilipita darasa la nane, nikapita vizuri, nikakosa tu karo. Wewe karo iko, na huendi? Akarudi. Miaka hiyo yote anajua mama yake alipita. Amewaambia wanafunzi wake. Leo umesimama hapo na maikrofoni umemwambia mama yake aliangushwa kwa neno moja ya Kizungu."

"Uliangushwa na mimi. Nimesema hivyo."

"Umesema yako ukatoa moyoni. Mimi hukuniuliza. Simu yangu iko, duka langu unalijua, unapitanga hapo. Si ungekuja tu, ukae, uniulize, Igoki, niseme ama nisiseme?" Akamwangalia mwanawe, akaniangalia mimi. "Yule mzee wa kanisa ametoka hapo, mke wake alikuwa amekaa na yeye. Unajua yeye amemwambianga nini?"

Sikujua. Sikuwa nimemfikiria hata mmoja wao kama mtu mwenye mke, mwenye mtoto, mwenye hadithi aliyojitengenezea ili aishi nayo. Nilikuwa nimewafikiria kama orodha. Nikasema jambo pekee lililokuja.

"Pole, Igoki."

"Pole ya nini? Ya ile siku ama ya leo?"

"Ya zote mbili."

Akatikisa kichwa. "Chagua moja. Zote mbili siwezi kupokea siku moja."

Pole ya siku ile nilikuwa nimeibeba tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimeipanga, nimeipigia mazoezi ndani ya gari kutoka Embu, ina mwanzo na mwisho, ina hata machozi mahali pake. Nyaga alikuwa bado amesimama pale, anamwangalia mama yake kana kwamba wamejuana sasa hivi. Nikachagua ya leo. Nikamgeukia kijana, nikaanza na yeye.